Uhuru ilipaa kutoka Kenya ikaona moto kati ya galaksi. Mbona hatukuambiwa?

Usiku usio na mwezi, simama ufuoni Homa Bay uangalie ziwani. Utadhani mji umeota juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa omena. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola, lakini kazi ni ileile: taa inavuta wadudu na omena, wavu unashuka, mtu analisha familia. Mgeni akiziona mara ya kwanza huuliza, "Ule ni mtaa gani ng'ambo?" Si mtaa, msee. Ni watu wako kazini.

Disemba iliyopita nilikuwa nimekaa hapo na mvuvi mmoja mzee ambaye mgongo umemkataza kuingia majini. Sasa anashona nyavu tu. Nikamuuliza swali la kijinga, vile sisi watu wa blogu huuliza.

"Jaduong', huko kwenye giza, katikati ya taa, kuna nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Nyathina, kuna ziwa."

Nilicheka, lakini jibu lake halijanitoka. Ni jibu lilelile ambalo wanasayansi walilipata angani miaka ya sabini, na mashine iliyowaonyesha ilirushwa kutoka Kenya, siku ya Jamhuri, ikiwa na jina la Kiswahili. Nimesoma msingi, nikasoma sekondari, nikasoma chuo mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda, na hakuna darasa hata moja lililonipa hiyo stori. Niliikuta nikiwa nimelala kitandani na bando ya shilingi ishirini. Wacha nikupe bure.

Taa ni galaksi

Tuanze na taa. Jua letu ni nyota moja tu. Nyota kama hilo, mabilioni kwa mabilioni, zimeshikana kwenye galaksi yetu, Njia Nyeupe, ule ukungu unaokata anga ukiwa mbali na stima za mji. Galaksi nazo hazipendi upweke. Nyingi huishi kwa makundi, na makundi makubwa kabisa yana mamia hadi maelfu ya galaksi zinazozungukana kwa nguvu ya uvutano.

Kundi kubwa lililo karibu nasi linaitwa Virgo. Nuru yake husafiri miaka kama milioni 54 kabla ya kutufikia. Lingine maarufu ni Perseus, lililo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 240. Ili uelewe huo muda, vuka hadi kisiwa cha Rusinga. Hapo ndipo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Ukisikia hivyo unaona ni zamani sana. Sasa nuru ya Perseus inayoingia kwenye darubini leo ilianza safari karibu na wakati dinosau wa kwanza wanatokea duniani.

Kwa miaka mingi watu walipiga picha za makundi haya kwa nuru ya kawaida. Walichoona ni taa. Walizihesabu, wakazipa majina, wakapima kasi zake. Giza la katikati walilipita tu, kwa sababu kwenye picha halikuonyesha kitu.

Chuma kikiwaka kupita kiasi

Kuona ziwa kulihitaji jicho la aina nyingine.

Nenda kwa fundi wa jua kali anayefua majembe. Chuma kikianza kuiva kinakuwa chekundu. Akivuvia zaidi kinakuwa cha machungwa, halafu kinakaribia weupe. Joto likipanda, nuru inayotoka inakuwa kali zaidi. Sasa fikiria joto la mamilioni ya digrii. Chuma kitakuwa kimegeuka mvuke zamani, na nuru kali inayotoka kwenye gesi ya joto hilo macho yetu hayawezi kuiona. Ni eksirei.

Ndiyo, ileile ya hospitalini. Mwaka nilioanguka na boda nilipigwa picha ya mkono, na daktari akaiinua dirishani kunionyesha ufa kwenye mfupa. Hospitalini mashine ndiyo inayotoa miale, na mkono wako ndio unaoizuia. Angani ni kinyume: kitu chenyewe kinachotazamwa ndicho kinachotoa miale. Wewe unapokea tu.

Lakini hewa ya dunia huzuia eksirei kutoka angani, na tushukuru, maana bila hiyo tungekuwa tumechomeka sote. Kwa hivyo ukitaka kuziona lazima upande juu ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962, kikundi cha Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyefanya kazi Marekani, kilirusha roketi ndogo ikatafute eksirei kutoka mwezini. Badala yake ikakuta chanzo kikali mbali kabisa nje ya mfumo wa jua. Ndio ukawa mwanzo wa sayansi hii. Miaka iliyofuata roketi nyingine zilinusa eksirei kutoka pande za Virgo, Perseus na kundi lingine liitwalo Coma. Shida ni kwamba roketi kama hiyo hukaa juu dakika chache, halafu inaanguka. Ni kama kuingia ziwani dakika tano na kurudi ukidai unajua samaki wote.

Walihitaji kitu kikae juu.

Jamhuri ya mwaka 1970

Baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu majini kama yale ya kuchimbia mafuta. Waitaliano, wakiongozwa na Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, waliyaweka hapo miaka ya sitini ili kurushia roketi. Jukwaa la kurushia linaitwa San Marco.

Kwa nini Kenya? Kwa sababu tuko karibu na ikweta. Dunia inapozunguka, ikweta ndiyo inakimbia kuliko sehemu nyingine zote, kwa hivyo roketi inapata msukumo wa bure. Pili, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya eneo fulani juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako chembe zenye umeme huvuruga vifaa vya kupima eksirei. Jiografia yetu ilikuwa mtaji.

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya kilo kama 140. Jina lake la ofisini lilikuwa SAS-1. Meneja wa mradi huo kule NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na yeye ndiye aliyeipa jina la kuheshimu siku na wenyeji: Uhuru.

Hii ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani pekee. Na usifikirie darubini ya maana yenye vioo. Ilikuwa na vihesabio vya gesi nyuma ya mirija ya chuma. Haikupiga picha. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kila dakika 12, ikihesabu miale iliyoingia kwenye mrija.

Jaribu hivi nyumbani. Kata kipande cha bomba, kiweke jichoni, ujizungushe usiku ukiangalia ziwani. Taa moja ikipita mbele ya bomba utaiona ghafla, halafu itapotea. Lakini mbalamwezi iliyosambaa juu ya maji itaingia polepole, itakaa, itatoka polepole. Kwa ujanja huo wa kuhesabu, Uhuru iliweza kutofautisha chanzo kidogo na kitu kipana.

Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Vingi ni nyota za galaksi yetu zinazonyonya gesi kutoka kwa nyota jirani. Lakini ilipopita juu ya Perseus, Coma na Virgo, miale haikuja kama nukta. Ilitoka kwenye eneo pana lililojaza nafasi kati ya galaksi. Na haikuwa kundi moja au mawili yenye bahati, bali tabia ya makundi makubwa kwa jumla.

Kuna ziwa, jaduong'. Na linawaka.

Chuma kile kilicho kwenye omena

Wanasayansi hawakukubaliana mara moja. Wengine walisema hiyo ni gesi ya moto. Wengine wakasema pengine ni elektroni zenye kasi kubwa zinazogonga nuru dhaifu iliyojaza ulimwengu na kuigeuza eksirei. Mtu angeamuaje?

Jibu likatoka tena jukwaa lilelile. Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, ilirushwa kutoka San Marco. Mwaka 1976 watafiti wake wakatangaza kwamba kwenye eksirei za Perseus kuna alama ya chuma. Kila elementi ikiwa kwenye gesi ya moto hutoa miale ya nguvu maalumu, kama vile kila mtu ana sauti yake kwenye simu. Elektroni zikigonga nuru haziwezi kutoa sauti ya chuma. Gesi yenye chuma ndani yake inaweza. Kesi ikafungwa.

Na hicho chuma kilitoka wapi? Kilipikwa ndani ya nyota na kwenye milipuko yake, kikatupwa nje ya galaksi, kikachanganyika na gesi ya kundi zima. Chuma kilicho kwenye damu yako kilipikwa kwenye jiko la aina hiyohiyo. Mathee akikwambia kula omena uongeze damu, anakulisha majivu ya nyota.

Sasa ndipo stori inakuwa nzito. Gesi hiyo ina joto la digrii milioni 10 hadi milioni 100. Lakini ni nyepesi ajabu. Chukua tenki la maji la lita 1,000, lile jeusi lililoko nje ya nyumba nyingi huku kwetu. Lijaze gesi ya kundi la galaksi, na sehemu nyingi utapata chembe kama elfu moja tu ndani ya tenki zima. Hewa unayopumua sasa haihesabiki ukilinganisha. Hata hivyo nafasi ni kubwa kiasi kwamba ukijumlisha gesi yote, inazidi uzito wa nyota zote za galaksi zote za kundi hilo, mara kadhaa.

Yaani sehemu kubwa ya maada ya kawaida ndani ya kundi haiko kwenye taa. Iko kwenye giza ambalo watu walilipita.

Ukuta wa Thimlich

Tutoke ziwani twende Migori. Karibu na Macalder kuna Thimlich Ohinga, boma kubwa la mawe yaliyopangwa bila saruji, lililosimama tangu karne ya 16. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake zinamzidi mtu urefu. Zilijengwa kulinda watu na mifugo yao.

Nilipofika hapo kwa mara ya kwanza nilifikiria ng'ombe. Ng'ombe mia moja wenye hasira hawakai mahali pamoja bila sababu. Ukiwasikia wanarukaruka ndani ya giza na asubuhi bado wako palepale, utajua kuna ukuta, hata kama hujauona. Na ukijua nguvu za ng'ombe, unaweza kukadiria ukuta ni imara kiasi gani.

Gesi ya digrii milioni 50 ni ng'ombe wenye hasira. Chembe zake zinakimbia kasi sana, na bila kitu cha kuzishika zingekuwa zimetawanyika zamani. Ukuta wake ni uvutano. Kwa kupima joto la gesi kwa eksirei, na jinsi gesi inavyopungua kutoka katikati kwenda pembeni, wanasayansi hukadiria uzito unaohitajika kuizuia.

Jibu haliendani na kile kinachoonekana. Jumlisha nyota zote, ongeza gesi yote, bado ni kama sehemu moja kati ya sita ya uzito unaotakiwa. Zinazobaki ni maada ya giza, ambayo haitoi nuru wala haizuii nuru. Fritz Zwicky alikuwa amelishuku jambo hili tangu mwaka 1933, alipoona galaksi za Coma zinakimbia kupita kiasi. Eksirei zilileta ushahidi mwingine kwa njia tofauti kabisa.

Halafu mwaka 2006 ukaja ushahidi mkubwa zaidi. Kuna makundi mawili yaliyogongana, yanayoitwa kwa pamoja Bullet. Darubini ya eksirei ya Chandra ilionyesha gesi za pande mbili zimekwama katikati, kama magari yaliyogongana. Lakini uzito mwingi, uliopimwa kwa jinsi unavyopinda nuru ya galaksi za nyuma, ulikuwa umeshapita mbele bila kusimama. Gesi huku, uzito kule. Kuna kitu hapo ambacho hakigusani na chochote ila kwa uvutano. Ni nini hasa? Hakuna anayejua, si Nairobi, si Harvard.

Ghuba lingine

Perseus yenyewe imeendelea kutoa vituko. Katikati yake kuna galaksi yenye shimo jeusi kubwa linalopuliza mapovu ndani ya gesi. Mwaka 2003 Chandra ilionyesha mawimbi yakitoka hapo kama duara za maji ukirusha jiwe. Hayo ni mawimbi ya sauti. Wimbi moja hadi lingine ni miaka kama milioni 10, na noti yake iko okta 57 chini ya do ya katikati ya piano. Nyatiti ina nyuzi nane na hakuna fundi atakayepata uzi wa kupiga noti hiyo. Mwaka 2022 NASA waliipandisha hadi masikio ya binadamu yakaweza kuisikia. Tafuta, usikilize usiku, utasisimka.

Mwaka 2017 wakaona wimbi lingine kwenye gesi hiyohiyo, lenye upana wa miaka ya nuru kama 200,000, karibu mara mbili ya galaksi yetu nzima. Lilianza kundi dogo lilipopita karibu na Perseus mabilioni ya miaka iliyopita na kuitikisa gesi kama maji ndani ya karai. Umbo lake limebonyea kama pwani ya ghuba, na watafiti wanaliita hivyo, ghuba. Sisi wa Homa Bay hatuhitaji maelezo zaidi.

Kasi ya gesi nayo imepimwa. Mwaka 2016 setilaiti ya Japani, Hitomi, ilikufa wiki chache tu baada ya kurushwa, lakini kabla ya kufa iliitazama Perseus na kupata gesi ikichafuka kwa kilomita kama 164 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo unatoka Homa Bay na kufika Nairobi kwa sekunde kama mbili. Mrithi wake, XRISM, alirushwa Septemba 2023 na anaendelea.

Na sisi je?

Hapa ndipo roho huniuma. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, na alistahili. Ripoti za ugunduzi wa Uhuru zina majina ya watu wa kampuni ya Marekani aliyofanyia kazi. Bahari ilikuwa yetu, siku ilikuwa yetu, neno lilikuwa letu. Wenye kusoma data hawakuwa sisi. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka San Marco, halafu kimya. Uhuru yenyewe iliungua angani mwaka 1979.

Sisemi tulie. Kenya imerudi angani kwa mlango mwingine: setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, na Taifa-1 mwaka 2023, iliyotengenezwa kutazama mashamba na maji yetu. Hizo zilitengenezwa kutazama chini, na ni sawa, njaa iko chini. Lakini kutazama juu kumekuwa rahisi kuliko zamani, na hapo ndipo ninapotaka ukae.

Data za darubini hizi hazifichwi. Za Chandra nyingi hufunguliwa kwa umma ndani ya mwaka mmoja. Mwisho wa Januari 2024, Wajerumani wa darubini ya eROSITA walifungua ramani ya nusu ya anga yenye vyanzo kama 900,000 vya eksirei, na ndani yake makundi ya galaksi zaidi ya 12,000. Uhuru iliishia vyanzo 339. Na zile 339 pia ziko mtandaoni, yeyote anaweza kuzipakua.

Kwa simu yako tu, fungua brauza utafute ESASky, ramani ya anga ya shirika la anga la Ulaya. Andika Perseus Cluster. Kwanza utaona galaksi, taa zikiwa zimetapakaa kwenye weusi. Halafu badilisha ramani iwe ya eksirei. Taa zitafifia na pale palipokuwa na weusi patajaa mwanga. Mimi nilikaa na hiyo picha hadi bando ikaisha. Ukipata kompyuta, hata ya saiba, kuna programu ya bure inaitwa DS9 ambayo wanasayansi wenyewe hutumia kufungulia picha hizi. Ninajifunza nayo polepole. Hakuna aliyeniomba cheti.

Jamhuri ijayo, sherehe zikiisha, nenda ufuoni mwendo wa saa nne usiku. Ukiwa mjini Homa Bay ziwa liko kaskazini yako. Inua macho juu ya taa za omena, katikati ya upeo na utosi. Nyota za Perseus zitakuwa hapo. Mojawapo ni Algol, jina lililotoka kwa Kiarabu, kichwa cha zimwi. Kando yake kidogo, mahali jicho halioni kitu, ndipo lilipo kundi ambalo Uhuru ililikuta likiwaka.

Yule mzee nimemwonyesha picha ya eksirei kwenye simu. Aliishika mbali na macho, akaitazama muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Nilikwambia," akasema, na kuendelea kushona wavu.